Bustani ya Kando ya Korongo, Dodoma: Kiingilio cha Mtu Mmoja

Bustani ninayoitolea tathmini hii ipo mashariki mwa Jiji la Dodoma, mwendo wa kama dakika ishirini kwa bajaji kutoka katikati ya mji, na imekaa kandokando ya mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Nimekwenda huko mara nne kati ya mwishoni mwa Novemba na katikati ya Desemba, kila mara peke yangu na kila mara kwa shabaha moja, nayo ni kutembea kwa miguu kando ya mto huo wakati nchi inapotoka kiangazi. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa nina malalamiko kadhaa na ningependa mwenye mali apate nafasi ya kurekebisha kwanza. Aliyewahi kufika atapatambua kwa mbuyu uliogawanyika shina, ulio hatua chache kutoka getini. Niseme mapema kwamba njia ya mtoni ya bustani ile ndiyo matembezi mazuri kuliko yote niliyoyapata tangu nihamie Dodoma pamoja na ofisi yetu, na kwamba wanaoiendesha hawaelekei kujua kama wanayo.

Getini unapokewa na mlinzi mzee mwenye daftari kubwa la wageni, lililopigwa mistari kwa rula, lenye safu ya jina, ya namba ya gari, ya muda wa kuingia na ya idadi ya watu. Kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto, nacho hulipwa kwa simu au kwa fedha taslimu. Siku ya kwanza mzee yule aliniamkia "Mbukwenyi", ambayo ni salamu ya Kigogo ya kuwaamkia watu zaidi ya mmoja, nami nikaitika nikidhani ameniheshimu kwa ajili ya umri wangu. Kumbe alikuwa akitazama nyuma yangu, akingoja wengine wamalize kuegesha gari.

"Wenzako wanakuja, mama?" aliuliza, kalamu ikiwa juu ya daftari.

"Niko peke yangu, mzee wangu."

"Kwa hiyo niandike mmoja?"

"Andika mmoja."

Akaandika 1, akaitazama, kisha akaichorea mstari chini kama karani anayethibitisha hesabu. Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linajirudia katika kila sehemu ya huduma ya pale. Bustani nzima imepangwa kwa ajili ya kundi. Vibanda vya nyasi vina meza za watu wanane, jukwaa la sherehe lina viti vya plastiki vilivyopangwa mirundo mirundo, na spika mbili kubwa huanza kujaribiwa tangu saa nne asubuhi hata kama sherehe yenyewe ni ya jioni. Siwalaumu sana. Tangu Julai 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, na hasa baada ya mji kutangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, watumishi tumeletwa hapa kwa maelfu, na vikao vya harusi, vipaimara na sherehe za kuagwa vikatufuata. Mwenye bustani amejenga kinacholipa. Hata hivyo, mpango mkuu wa makao makuu wa mwaka 1976 uliuwazia mji huu kama mji wa watembea kwa miguu, wenye mikanda ya kijani inayopita kati ya makazi, na kila nikitembea kwenye njia ile ya mtoni hunijia fikra kwamba sehemu ndogo ya wazo hilo imeponea hapo kwa bahati tu, nyuma ya jiko la chipsi.

Maana njia yenyewe inaanzia huko, nyuma ya jiko, kati ya magunia ya mkaa na tangi la maji, na haina kibao chochote kinachoielekeza. Mara ya kwanza niliipata kwa kumfuata mbuzi. Inashuka taratibu hadi ukingoni, kisha inaufuata mto kuelekea unakotoka kwa umbali wa kama kilomita moja na nusu, mpaka kwenye uzio wa minyaa ambao ndio mwisho wa eneo. Haikutengenezwa na bustani. Ilifinyangwa na miguu ya watu na kwato za ng'ombe kabla bustani haijakuwepo, na ndiyo maana inapinda pale inapotakiwa kupinda na kuvikwepa vishimo ambavyo fundi wa kulipwa angevifukia vibaya. Mtu wa mwendo wa kawaida anaimaliza kwa dakika ishirini na tano. Mimi huwa inanichukua saa moja na nusu.

Kinachonichelewesha ni miti. Katikati ya nchi hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Tuna kiangazi na tuna masika, basi, na mvua yetu ya wastani wa milimita 570 kwa mwaka karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo miti ya hapa haisubiri kuambiwa, na mingine huchipua kabla ya tone la kwanza. Mwishoni mwa Novemba, mchanga ukiwa bado unaunguza nyayo, migunga ilikuwa imeshatoa vijani vidogo kama punje za uwele, na mbuyu wa getini ulikuwa umeanza kujifunika kileleni huku chini yake yametapakaa maua meupe makubwa, yaliyonyauka na kugeuka rangi ya chai. Ua la mbuyu hufunguka jioni, hutembelewa na popo usiku, na kesho yake huanguka. Anayeingia saa tatu asubuhi, saa ambayo geti hufunguliwa, hukuta kazi imeshakwisha. Mpogoro, ambao wengine huuita mkababu, hufanya kinyume cha wenzake wote: kiangazi kizima hubaki na majani yake, ukawapa ng'ombe kivuli na maganda ya kula, na mvua inapokaribia ndipo unapoanza kuyapukutisha. Ipo mipogoro mitano mikubwa kwenye ukingo ule, na katika ziara zangu nne niliiona ikizidi kuwa mitupu wakati kila kilichoizunguka kinazidi kuwa kijani. Sijawahi kuona bustani ya kulipia inayoonyesha jambo kama hilo bila hata kukusudia.

Ndege nao wanatosha kumrudishia mtu kiingilio chake. Kwenye matundu ya mbuyu wa pili, karibu na nusu ya njia, wanaishi kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vyeusi na kola ya njano, ambao asili yao ni Tanzania na ambao watu wa nchi za mbali huwafuga vizimbani kwa gharama kubwa. Pale wanapigana kelele bure juu ya kichwa chako. Dudumizi alisikika katika kila ziara, sauti yake ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na watu wa pale wanamsikiliza kama sisi wa mjini tunavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa. Nilipomuuliza mlinzi kama mvua i karibu, hakutazama mawingu, alisema tu kwamba ndege ameanza kuita mfululizo tangu juzi.

Ziara ya tatu, ya Jumamosi ya kwanza ya Desemba, ndiyo iliyonifanya niandike. Mvua ya kwanza ya maana ilikuwa imenyesha usiku wa Alhamisi, na njia ilikuwa imebadilika kiasi cha kunifanya nitembee nimeinama. Mabawa ya kumbikumbi yalikuwa yamelala kwenye nyayo za ng'ombe kama maganda ya kitunguu, na juu ya udongo uliokauka juujuu walikuwa wakitembea wadudu wekundu wasiozidi punje ya dengu, wenye manyoya kama mahameli, ambao hujitokeza baada ya mvua za mwanzo na kisha huwaoni tena mpaka mwakani. Nilichuchumaa nikamwekea mmoja kijiti. Akakipanda, akafika ncha, akageuka, akashuka upande wa pili bila haraka. Wadudu hao pekee walinichukua robo saa.

Inafaa nieleze mto wenyewe, kwa kuwa mgeni anaweza kufika Oktoba, akaona bonde la mchanga lenye upana wa barabara ya njia mbili, na akaondoka akidai ametapeliwa. Wenyeji wengi huuita korongo tu. Maji yake ya kiangazi yako chini ya mchanga, na ng'ambo ya pili, nje ya eneo la bustani, kina mama huchimba vishimo vya kina cha mkono au zaidi, wakasubiri maji yajichuje yenyewe, wakayachota kwa kata na kuyapakia kwenye punda kwa madumu ya njano. Mvua ikija, makorongo ya upande huu wa mashariki huelekea Mto Kinyasungwe Mdogo, unaoingia katika Bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, na kutoka huko maji yanayosalia huendelea na safari ya mbali kwa njia ya Mkondoa na Wami hadi Bahari ya Hindi. Mto Bubu, wa upande wa magharibi, haufiki baharini. Unaishia katika mbuga ya Bahi na maji yake hukaukia hukohuko. Kwa hiyo anayetembea kwenye njia hii anatembea kwenye upande wa Dodoma unaotazama bahari, jambo ambalo nililigundua kwa kuangalia ramani nyumbani baada ya ziara ya pili, na ambalo lilinifurahisha kupita kiasi, labda kwa sababu nilikulia Tanga.

Karibu na mpogoro wa nne njia inashuka na kuvuka tawi dogo la mto, na hapo pana tope. Mji huu wenyewe umepewa jina na tope, kama tunavyohadithiwa: tembo alikuja kunywa maji kwenye kijito, akazama, na waliomwona wakasema "Idodomya", yaani amezama; wapo wanaosimulia kisa kingine, cha ng'ombe walioibwa na kuliwa, mikia yao ikachomekwa topeni ili wenyewe wakija waambiwe mifugo imedidimia. Mimi sikuwa na ng'ombe wa mtu. Nilikuwa na raba nyeupe, za kufungwa kwa kamba, na ile ya kulia ilibaki chini mguu wangu ulipotoka. Niliichomoa kwa mikono miwili, ikatoka na sauti ambayo singependa kuieleza zaidi. Ushauri wangu kwa atakayekwenda baada ya mvua ni avae viatu vya mpira au katambuga, na aziache nyumbani zile za kuonyeshea.

Kwa kuwa nilitaka kuosha kiatu, na kwa kuwa mchanga wa mtoni ulikuwa bado mkavu, nilishuka mtoni. Niliona kidimbwi upande wa pili, chini ya mizizi ya mkuyu, nikauvuka mchanga nikiwa na kiatu mkononi. Anga ilikuwa nyeupe, jua kali, hakuna wingu la kuogopesha. Nilikuwa nimefika katikati nilipomsikia kijana anayechunga ng'ombe kwenye ukingo wa juu akiita, "Mama, panda! Panda huku!" Sikumwelewa. Nilidhani anaogopa ng'ombe wake wasinidhuru, nikamwinulia mkono kumwonyesha kwamba nimewaona. Akaita tena, safari hii akionyesha kwa fimbo kule mto unakotoka: "Maji yanakuja!"

Nilipanda kwa upande wake, kwa kushika mizizi, nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Ilipita kama dakika mbili nikiwa nimesimama pale bila kuona chochote, na nikaanza kuona haya. Kisha ilikuja harufu, harufu ya vumbi lililoloweshwa pamoja na samadi, halafu mlio kama wa mtu anayekokota matawi makavu barabarani, na ndipo maji yakatokea kwenye kona. Hayakuja kama ukuta. Yalikuja kama ulimi, rangi ya uji wa ulezi, yakiwa yamesukuma mbele yake povu, majani makavu, maganda ya mgunga, chupa za plastiki na ndala moja ya buluu. Ulimi ule ulikuwa ukifika mahali, mchanga unaunywa, unasimama kama uliochoka. Kisha maji ya nyuma yanaupanda mgongoni na kuusukuma hatua nyingine kumi. Ulipita mahali nilipokuwa nimesimama na kiatu changu mkononi, ukajaza nyayo zangu moja baada ya nyingine kwa mpangilio, na baada ya muda mfupi mto mzima, ukingo kwa ukingo, ulikuwa unatembea. Ng'ombe walikuwa wameshaacha kula na wote wamegeukia upande mmoja.

"Umejuaje?" nilimuuliza yule kijana.

"Wao ndio wamejua," alisema, akiwaonyesha ng'ombe. "Mvua imepiga huko juu usiku."

Nilikaa na kijana huyo karibu saa nzima, kwa sababu sikuwa na namna ya kuvuka, mpaka maji yaliposhuka hadi chini ya goti akanivusha mahali ambapo yeye na mifugo yake huvukia. Hii ndiyo lawama yangu kubwa kwa bustani, na ninaiandika nikijua kwamba kosa la kushuka lilikuwa langu. Sehemu inayotoza kiingilio na kuuza mandhari ya mto kwenye picha zake inapaswa kumwambia mgeni kwamba mto huu hujaa wakati juu yako kuna jua. Pale hakuna kibao, hakuna kamba, hakuna neno lolote kutoka getini, na watoto siku za Jumapili huchezea mchangani huku wazazi wao wakiwa wamekaa vibandani na migongo yao wameupa mto. Kibao kimoja cha bati chenye maneno ya kueleweka hakigharimu zaidi ya kreti chache za soda. Nilipolieleza hili kwa msimamizi, kijana mstaarabu aliyenipa kiti na kitambaa cha kufutia miguu, alikubali haraka, tena haraka mno, kama mtu anayetaka kuendelea na simu iliyokuwa inamsubiri. Katika ziara ya nne kibao kilikuwa bado.

Lawama ya pili ni ya taka na ya vibanda vipya. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, na kwa kweli njiani huikuti, lakini chupa za maji na za juisi zimechukua nafasi yake. Sehemu iliyo chini ya jukwaa la sherehe ina nyingi kiasi kwamba maji yalipofika pale yalikuwa yakigonga kama kayamba. Maji machafu ya jikoni nayo yana mfereji unaoishia ukingoni. Na mwaka huu wameongeza vibanda vitatu vilivyokaa juu kabisa ya ukingo, hatua zisizofika kumi kutoka mchangani, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae umbali wa meta 60 kutoka kwenye kingo za mito. Najua sheria hiyo inavunjwa na wengi na kwamba mwenye bustani atasema maji hayajawahi kufika pale. Mipogoro mitano niliyoitaja imesimama mbali na ukingo kuliko vibanda hivyo, na mizizi ya ule wa karibu zaidi imeshaachwa wazi na mmomonyoko upande wa mtoni, urefu wa mtu mzima.

Chakula sitakizungumza sana, kwa sababu sikukifuata. Nyama choma huuzwa kwa kilo na kwa nusu kilo, kuku huuzwa mzima, na mhudumu, binti mpole sana, aliniletea glasi mbili katika kila ziara, akaiacha ya pili mbele ya kiti kitupu mpaka nilipoondoka. Robo kilo ya nyama haipo. Sahani ya mtu mmoja iliyopo ni chipsi mayai, nayo ilikuwa ya kawaida. Lakini siku ya kiatu, msimamizi alipoona nimechoka, alimwagiza mpishi aniletee kile walichokuwa wamepika kwa ajili yao wenyewe, nacho kilikuwa ugali wa mtama na mlenda wa kukausha uliotiwa karanga. Mlenda mbichi, aliniambia mpishi, utapatikana mvua zikichanganya; huu ulikuwa umevunwa msimu uliopita, ukaanikwa na kutwangwa, na bado ulikuwa unavutika kutoka sahanini hadi mdomoni bila kukatika. Niliula wote. Nilipouliza bei walicheka, wakasema hicho si cha wateja. Nakiri kwamba ni chakula pekee cha pale ambacho ningekifuata kutoka mjini, na hakimo kwenye orodha.

Vyoo ni safi asubuhi na si safi baada ya saa nane. Maegesho ni makubwa, na wasio na gari wapatane mapema na dereva wa bajaji awafuate muda wa kurudi, kwa kuwa kwenye lami ya karibu hakupiti usafiri mwingine wowote isipokuwa bodaboda za kubahatisha.

Nirudi kwenye saa za kufungua, maana hapo ndipo mtembezi anapopunjwa. Desemba, Dodoma, jua la saa tatu limeshapanda. Ndege wamenyamaza nusu, maua ya mbuyu yako chini, na ukingo hauna tena ule ubaridi wa alfajiri ambao uwanda huu, ulioinuka zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, huutoa bure kila siku. Nilimwomba msimamizi afikirie kufungua geti dogo saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya wanaotembea tu, bila jiko wala muziki. Alinijibu kwa adabu kwamba asubuhi hakuna wateja. Nikamwambia kwamba hawawezi kuwepo ikiwa geti limefungwa. Akatabasamu, akanifanyia hesabu ambayo nilishindwa kuipinga: sherehe moja ya watu 200 inamlipa mlinzi, mpishi, umeme na maji ya mwezi, na mimi, hata nikija kila siku kwa shilingi 2,000 zangu, sifikii gharama ya taa za jukwaa. Hesabu yake ni sahihi. Bado naamini kwamba katika jiji hili, ambamo ukitaka kukaa na kupiga picha una Nyerere Square na ukitaka kuwatoa watoto una Chinangali, kutembea kando ya mto kwa utulivu ni huduma ambayo ina wanunuzi, na kwamba watu kama mimi tupo wengi kuliko anavyodhani, ila tunatembea kwenye barabara za mitaani tukikwepa bodaboda kwa sababu hatujui njia inayoanzia nyuma ya magunia ya mkaa.

Kwa familia na makundi, bustani hii ni ya wastani, na zipo nyingine zenye chakula kizuri zaidi. Kwa mtu anayetaka kutembea peke yake katika wiki hizo chache ambazo Dodoma inageuka kutoka rangi ya udongo kuwa kijani, sina pa kumwelekeza pengine. Aende siku ya kazi, afike geti linapofunguliwa, abebe maji yake, apite nyuma ya jiko bila kuona haya, na asiukanyage mchanga wa mtoni hata kama anga ni nyeupe.

Ziara ya nne ilikuwa Jumatano. Mzee wa getini alinisalimu "Mbukwa", akaandika 1 bila kuuliza, kisha akaingia kwenye kibanda chake na kutoka na fimbo ya mgunga aliyoichonga upya, iliyomenywa gome hadi nusu. Alisema ni ya kupimia tope kabla ya kukanyaga. Fimbo hiyo hurudishwa getini wakati wa kutoka, na haina malipo.